Barua kwa mwanangu: usisaini kwanza

Mwanangu,

Nimeamua kuandika kwa sababu mumeo ameniambia, huku anacheka, kwamba sauti zangu mnazisikiliza kwa kasi mara mbili ili ziishe haraka. Basi hii utaisoma kwa mwendo wangu.

Hapa Tanga tu wazima. Goti la mama yako bado linamsumbua, anasali kwenye kiti, lakini mdomo wake haujapata maradhi yoyote.

Hongera ya mtihani wa uraia wa huko Ujerumani. Maswali 33, mwenye 17 amepita, wewe umepata 31. Nimewatangazia wazee kibarazani, na mmoja akataka kujua hayo mawili uliyokosa yaliuliza nini. Nikamwambia bila shaka yalikuwa ya bia. Tulicheka. Lakini ulipomalizia kwamba wiki ijayo unapeleka fomu za uraia, niliurudisha ule ujumbe mara tatu nikidhani masikio yangu yamezeeka.

Usisaini kwanza.

Najua kwao wameruhusu. Tangu Juni 2024 Mjerumani hamlazimishi mtu auache uraia wa alikotoka, mkwe wangu amenieleza vizuri na hata mchoro amenichorea. Kwao hakuna neno. Neno liko kwetu. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwetu umekwenda. Mke wangu, huyo binti yenu wa darasa la kwanza, ameachiwa awe nao wote wawili mpaka atimize miaka 18, ana miaka kumi na miwili ya kuringa. Wewe hukuachiwa hata siku moja. Na asiye raia hapewi ardhi hapa ila kwa uwekezaji, na kile kiwanja cha Pongwe chenye migomba sita na shimo la choo sijui tukiandike uwekezaji wa nini.

Usinijibu kwa hadhi maalum ya Watanzania wa nje. Nimeisikia redioni. Lakini hadhi ni kitu cha kupewa, na cha kupewa kinaombwa dirishani, na mimi madirisha nimeyasimamia miaka thelathini ya reli, nayajua yanavyofungwa saa sita na nusu mtu akiwa wa tatu kwenye foleni.

Sikukatazi. Nasema kwanza.

Picha ya siku ya shule imefika. Mama yako alidhani lile pembe la karatasi ni la arusi, mpaka nikamweleza kwamba kule mtoto akianza shule anajaziwa pipi na penseli ndani yake, abebe mwenyewe. Limempita kimo! Nimeona umelivisha kanga. Nilivuta picha kwa vidole viwili nisome jina, nimepata nusu tu, MWENYEJI APONE. Nusu ya kwanza umeikunja kwa nyuma. Hiyo kanga ni ya bibi yako, usiikate zaidi.

Babu yako alikuwa akisema Mjerumani alituachia shule, hela na viboko hamsa ishirini, na kwamba viwili vya kwanza vilikuja maneno matupu. Mimi nimelishwa na reli waliyoanza kuijenga hapahapa mwaka 1893, kwa hiyo sina kinyongo nao. Nilikuwa nacho. Siku ya mahari nilitaja kiasi ambacho nilijua hakitajwi. Nilitegemea aende akalale, afikirie, apande ndege. Akaenda benki. Mama yako hakunisemesha siku nne, nadhani unakumbuka siku hizo zaidi yangu.

Kwa hiyo hilo la kumgombeza mumeo kwa ajili ya saa, liache. Unalalamika ati tangu mhamie kwao amebadilika, chakula saa kumi na mbili kamili, viatu mlangoni, jirani hatembelewi bila kupigiwa simu kwanza. Huyu alikaa Tanga miaka sita akingoja mafundi wasiokuja, akila ugali kwa mkono huku mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na hakuna siku alituambia mnanichosha. Mwache naye awe kwao kidogo. Wewe ukiona giza limekuzidi, hilo la Desemba linaloanza saa kumi jioni, toka nje utembee, usikae unaangalia simu.

Lakini simu za kwetu pokea. Shangazi yako amepiga mara tatu. Kwenye msiba wa ami yako wewe ulituma kikaragosi cha viganja viwili. Tulikaa matanga siku tatu, watu wanauliza yule binti wa Ulaya amesemaje, nawaonyesha viganja viwili. Katiba ya Wajerumani unaijua, hongera, ila hata hao mliohamia mji wao wameandikiana urafiki na mji wetu tangu 1963 na bado wanatuma watu waje kutusalimu. Eckernförde nzima inakumbuka Tanga, wewe mmoja unasema uko bize.

Nimevuka mpaka. Tusonge.

Sasa kuhusu kile kiwanja. Utasema kina jina lako tangu 2019. Kina jina lako kwenye karatasi ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hati haijatoka. Haijatoka kwa sababu mpimaji alipokuja mara ya kwanza hela yake haikuwepo. Haikuwepo kwa sababu ile uliyotuma mwezi wa tatu ilipitia kwanza kwa kaka yako, pikipiki ilikuwa imekamatwa na watoto hawakuwa na kula. Alisema wiki mbili. Amerudisha nusu. Nyingine analeta kidogokidogo, mara elfu ishirini, mara samaki. Zile picha za mabati nilizokutumia ni mabati kweli, ila yalikuwa ya jirani, niliyapiga picha nikuonyeshe rangi. Nadhani sikulieleza hilo vizuri wakati ule.

Ndiyo maana nasema usisaini. Ukisaini leo, mpimaji akija kesho, anapima kiwanja cha nani? Nipe miezi sita. Yuro 255 za ada yao hazitaoza, ziweke. Hati ikitoka na jina lako, ukiwa bado wa hapa, hapo wewe na mumeo mkae muamue, mimi sitaweka neno. Nitaweka dogo tu. Mjerumani akishuka Dar es Salaam analipa dola 50 za viza. Sitaki uje kunizika kwa viza.

Mama yako amesoma hapo kwa bega langu, amesema nifute. Sifuti.

Yeye anaagiza: wale samaki wadogo wa moshi mliokuja nao mwaka juzi, mkija tena mlete. Mkwe wangu alisema hawapikwi, wanaliwa hivyohivyo na kichwa chake. Mama yako aliwatia nazi na ndimu kama dagaa, na yule bwana akaongeza wali mara mbili. Mfenesi umezaa mpaka tawi limelalia paa la choo, nitamwita mtu alipunguze kabla ya mvua. Umeme wa LUKU tunanunua wenyewe, usitume. Tangi jipya halina ufa, lile la zamani tunafugia bata.

Mwambie mke wangu shikamoo yake nimeipata, safari hii haikukwama kwenye "ka". Na asinifundishe tena kuhesabu mpaka ishirini kwa lugha yao, nafika saba nachoka.

Mpimaji anakuja Jumanne, safari hii hela yake ninayo mkononi, nimeuza mbuzi wawili, usiulize. Anataka nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, mbele na nyuma. Kilaze mezani ndiyo ukipige picha, usikishike mkononi, maana mara ya mwisho kidole chako kilifunika jina.

Baba yako