Kilichokuwa kwenye pampu

Pasua, Moshi
Julai 14

Shoga yangu Mama Juni,

Hamjambo huko Mwanza? Sisi tupo, ila baridi ya mwaka huu inatutoa roho. Mlima umejifunika wiki ya pili sasa, na nguo nikizianika Jumatatu naanua Alhamisi zikinuka uvundo. Ndipo nikaikumbuka ile mashine yako ya kufulia uliyoniachia stoo.

Najua ulisema niwape watu wa skrepa. Kijana alikuja kweli na mzani wake, akaiinua upande mmoja, akacheka: "Mama, humu uzito ni zege." Nikaona ananipunja. Kufungua mfuniko wa juu, zege kweli! Bonge zima limefungwa kwa bolti juu ya pipa. Kumbe ndilo linaloituliza isirukeruke inapokamua. Kidude cha kilo 3 za nguo, upana nusu mita, kubebwa mpaka wanaume wawili. Nikamwambia kijana aende zake.

Fundi wa kwanza alisema mota imeungua, nimpe hela akairiwaindi, yaani aisuke waya upya. Hata mita hakuitoa mfukoni. Nikamwita mpwa wangu, yule aliyesomea umeme VETA. Akachomoa mota, akanionyesha kaboni mbili zimelika zimebaki kama kucha. Hazigusi tena, sasa umeme upitie wapi? Za saizi ile tulizunguka mjini hatukupata, akanunua za grenda akazisugua kwa msasa mpaka zikaingia bila kubana. Mota ikaamka siku hiyo hiyo.

Beringi ndizo zilizotutesa. Unakumbuka ilivyokuwa ikinguruma wakati wa kukamua, Baba Juni akasema ndege imekosea njia ya KIA? Sili ya nyuma ilichanika, maji yakapenya, kutu ikamaliza. Tulimwagia mafuta ya taa zikalala nayo usiku kucha. Asubuhi mpwa wangu akaweka kipande cha mti, akawa anagonga kidogo huku, kidogo kule, kwa kuzunguka, maana ukigonga upande mmoja tu unalipasua pipa la nje. Ya kwanza ilipotoka nikafuta ukingo wake kwa pindo la kanga, ikajitokeza namba: 6203. Nikaenda nayo duka la vipuri, na muuzaji hata hakuuliza ni ya nini. Namba ikishakuwa hiyo, tundu ni milimita 17 na kipenyo cha nje 40, iwe ya pampu au ya mashine ya kufulia. Sili nayo tukanunua mpya. Ningeiacha ile ya zamani, tungekuwa tumefanya kazi bure.

Hita nimeiacha bila kuiunganisha. Inakula umeme kama pasi mbili, na LUKU yangu unaijua. Maji nayo yanaingia kwa kujivuta: simtanki letu lipo juu mita 3 tu, wakati ili upate presha ya bar 1 unahitaji mita 10. Nikichoka kungoja namwaga ndoo kupitia kidroo cha sabuni. Halafu siku ya kwanza nikaweka sabuni yetu ile ile ya unga ya kufulia kwa mkono, tena kwa kipimo cha beseni. Povu lilitoka kila tundu likafika uani, kuku wakakimbia.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya povu. Kitu cha mwisho kufungua kilikuwa chujio la pampu, pale chini nyuma ya kile kifuniko kidogo. Yakatoka maji meusi, kisha donge la nyuzi na nywele. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya 200, kifungo cha sare ya Juni, na hereni moja ya dhahabu. Ile yenye kijiwe chekundu. Niliisugua kwa mswaki wa zamani mpaka nikawa na hakika. Imeteleza kwenye ule mpira wa mlango ikazama, mimi naona hivyo.

Nimekaa nayo siku tatu ndipo nikashika kalamu. Unamkumbuka binti wa watu, na usiku ule alivyotoka na rambo lake la nguo. Nami nilikuwepo, nimeegemea mlango wenu, na sikufungua mdomo.

Yuko soko la Mbuyuni, upande wa ndizi, ana mtoto mgongoni. Nanunua kwake Jumamosi, na kila mara ananiongezea mbili tatu juu. Sijamwambia kitu. Hereni sikuitia kwenye bahasha hii, nimeifunga kwenye karatasi, ipo kabatini kwangu. Ukija mwezi wa nane kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yako, uje Ijumaa, ulale kwangu, ili Jumamosi asubuhi twende sokoni wote wawili.

Msalimie Baba Juni na watoto.

Ni mimi jirani yako,
Mama Eliya