Panya kuogelea zaidi si kupona sonona

Mhariri,

Habari za dawa au mmea "uliotibu sonona" kwa panya hazikauki magazetini. Tunaomba waandishi waulize kwanza: panya hao walifanywa nini?

Mara nyingi jibu ni jaribio la kuogelesha lililoanzishwa na Roger Porsolt mwaka 1977. Panya wa aina ndogo hutiwa kwa dakika 6 ndani ya silinda ya maji ya nyuzijoto 25 hivi, asikoweza kutoka. Dakika 2 za mwanzo kwa kawaida hazihesabiwi, kwani karibu kila panya huhangaika. Katika 4 zinazobaki huhesabiwa sekunde anazoelea tu, akichezesha mguu kidogo ili pua isizame. Dawa ikizipunguza, inasemekana inafaa kuendelezwa.

Mtego uko hapo. Amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, nayo huzipunguza, kwa sababu humchangamsha panya, basi. Kwa hiyo panya wengine waliopewa dozi ileile sharti wapimwe mwendo katika sanduku la wazi. Wakizurura kuliko wasiopewa dawa, matokeo ya majini hayaaminiki. Maji yakiwa baridi mno, mwili hupoa na kipimo huvurugika. Yasipobadilishwa, panya anayefuata hunusa yaliyoachwa na mwenzake. Anayehesabu sekunde naye asijue nani kapewa nini.

Kwa panya wa aina kubwa, maji ya kina cha sentimita 15 huwaruhusu kuegemea mkia, ndiyo maana wengi sasa hujaza 30. Kipimo cha awali kilikuwa kikizikosa dawa za sonona kama fluoksetini, hadi watafiti walipotenganisha kuogelea na kupanda ukuta: dawa zinazolenga serotonini, kemikali ya ubongo, huongeza kuogelea; zinazolenga nyingine, noradrenalini, huongeza kupanda.

Kuna pia jaribio la kuning'iniza panya kwa mkia na kuhesabu sekunde anazotulia, lakini aina ya C57BL/6 hukwea mkia wake mwenyewe, na huyo hupaswa kutolewa kwenye hesabu.

Halafu kuna muda. Majini dawa huonekana kufanya kazi dakika 30 baada ya sindano, ilhali mgonjwa husubiri wiki kadhaa. Tunaloliamini zaidi, ingawa linachosha, ni kumsumbua panya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha kumwekea chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine yenye sukari asilimia 1. Asiyejali utamu ndiye anayefanana na mwenye sonona, na ndiye wa kutibiwa. Chupa zibadilishwe upande, la sivyo mnapima kona anayoipenda.

Basi habari itaje jaribio, dozi kwa kilo ya uzito wa panya na kipimo cha mwendo. Na neno "panya" likae kwenye kichwa cha habari, si aya ya saba, maana wapo wasomaji wanaotumia dawa za hospitali na wanaweza kuziacha.

Watafiti wa famakolojia,
Dar es Salaam