Barua kwa mwanangu: tulivyotoka na kayaki mlango wa Kilifi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima, na mama yako anakusalimu sana. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli nimeingia bahari kuu na kayaki. Ni kweli, wala sikwenda peke yangu. Nilikuwa na ami yako wa Takaungu na yule mwalimu aliyekukomesha utoro darasa la sita. Watu watatu wenye mvi, kila mmoja na chombo chake cha plastiki cha rangi ya chungwa. Vijana wa pwani walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku tuliichagua kwa kutazama maji. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, hapa kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri, kisha hutoka asubuhi nzima, na pale mlangoni mkondo ukikutana na mawimbi ya nje hata mashua kubwa huyumba. Tukangoja maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, na asubuhi huwa yanajaa. Tena haya ni maleleji ya Machi, upepo wa kaskazi umechoka na wa kusi haujaanza. Saa kumi na mbili tulishusha vyombo upande wa Mnarani, karibu na kilipokuwa kikitua kivuko kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Kutoka tulipingana na maji yanayojaa, polepole, tukijua wakati wa kurudi yatatusukuma.

Wewe umezoea ngalawa: mmoja ameshika usukani, mwingine tanga, wa tatu anakumba maji kwa upo huku akisimulia harusi ya watu. Kwenye kayaki kila mtu ni nahodha na baharia wake mwenyewe. Upo hauna kazi, maji yakiingia hutokea kwenye matundu ya sakafuni. Lakini soga ni la kupigiana kelele, na masikio ya ami yako unayajua. Nusu ya asubuhi ilikuwa ni "Unasemaje?"

Nje ya mwamba tulirambaza, yaani kuburuta mshipi wa kuvulia nyuma ya chombo, na ami ndiye aliyeanza kupata: mzia. Samaki mwenye meno yale, na wewe umekaa umenyoosha miguu pale pale atakapoangukia! Alimtwanga rungu kabla ya kumpakia. Mwalimu akataka kutia nanga, akaanza kufunga kamba ubavuni kwa sababu ndipo mkono ulipofika. Ami akampigia ukelele aifunge omoni, mbele ya chombo. Ikifungwa ubavuni mkondo hukishika chombo kwa upana wake, na hapo kupinduka ni mara moja.

Mimi nilishusha mshipi wa mkono na chambo cha ngisi. Vichangu vilidokoa weee, vikamaliza chambo bure. Kisha mshipi ukavutwa kweli: kolekole. Kayaki ikageuka yenyewe, omo ikamfuata samaki. Nikateremsha miguu majini, mmoja kila upande, kama mtu aliyepanda punda, nikamwachia avute mpaka akachoka. Siri ni kutoegemea upande aliko. Mlete karibu kwanza, ndipo umnyanyue.

Saa tatu na nusu ami akasema turudi. Samaki walikuwa bado wanakula na mwalimu alinuna waziwazi. Lakini kayaki haina tanga, na upepo ukishaamka mikono yako ndiyo injini. Katika hili mimi niko na ami: anayesema turudi ndiye wa kusikilizwa, hata akiwa mmoja dhidi ya wawili. Tuliingia na maji, tukapiga kafi kivivu, mwalimu nyuma kabisa akijifanya anarambaza.

Kolekole mama yako alimpaka nazi. Mzia tuligawana.

Ukija Aprili kusi itakuwa imeanza, kwa hiyo hatutatoka nje, tutavua huku ndani nyuma ya daraja. Mshipi usinunue Nairobi, huku upo na ni nafuu. Jaketi la kuokoa maisha ami anakuwekea lake la akiba. Wewe lete kofia yenye kamba ya kidevuni, na umletee mwalimu moja. Yake ilichukuliwa na upepo pale mlangoni na hakuna aliyethubutu kuifuata.

Ni mimi baba yako.