Mbolea ya ruzuku inasombwa na mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ruzuku ya mbolea inayotolewa tangu msimu wa 2022/23. Nafuu ya bei ni jambo jema. Lakini kwenye miteremko ya Umalila na Uporoto mkoani Mbeya, pale matuta ya viazi yanapoelekezwa juu-chini, mvua kubwa huondoka na udongo wa juu pamoja na mbolea hiyo hiyo iliyochangiwa na Serikali.

Dawa yake inajulikana: makinga maji ya fanya juu. Mtaro wa sentimeta 60 kwa 60 huchimbwa kukatisha mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, kisha tuta likapandwa matete, ambayo pia ni malisho ya ng'ombe. Kinachoharibu kazi ni vipimo. Mstari wa mtaro, unaotakiwa kufuata usawa mmoja, ukikisiwa kwa macho, maji hukusanyika penye kibonde, tuta hupasuka, na korongo linalobaki ni baya kuliko kutochimba kabisa. Fremu ya A, yaani miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A na kuning'inizwa kamba yenye jiwe, inatosha kupima usawa huo. Haihitaji mkandarasi wala semina ya hotelini.

Napendekeza halmashauri zitenge sehemu ya ushuru wa mazao kwa sururu, vipando vya matete na usafiri wa maofisa ugani. Fedha zitoke Julai, uchimbaji uishe kabla ya mvua za Novemba, na kazi ianzie shamba la juu kabisa mlimani. Ukianzia chini, maji ya jirani wa juu yatabomoa kila kitu.

Mkulima,
Mbeya