Umechanika wakati wa kujifungua: lini ni bahati mbaya, lini ni uzembe

Akina mama wengi wanaofika ofisini kwetu huanza kwa kuomba radhi. "Labda ni mimi tu," husema, kisha wananyamaza. Kuna waliojifungua miezi minane iliyopita na bado wanavaa pedi kila siku kwa sababu hawawezi kuzuia haja kubwa. Waliambiwa ndivyo uzazi ulivyo, watazoea. Sisi ni mawakili, si madaktari, lakini tumesoma mafaili ya wazazi kwa muda wa kutosha kujua kwamba jibu hilo mara nyingi si la kweli.

Kuumia peke yake si uzembe. Msamba huchanika hata mikononi mwa mkunga hodari, na mfuko wa uzazi unaweza kulegea damu ikamwagika bila mtu yeyote kukosea. Sheria hutaka kujua mhudumu alichunguza nini, saa ngapi, na alipoona hatari alichukua hatua gani.

Chukua huko kuchanika. Kuna madaraja manne: la kwanza ni ngozi tu, la pili hufika kwenye misuli ya msamba, la tatu hukata misuli inayobana njia ya haja kubwa, na la nne hupasua hadi utando wa ndani. Ili kulijua daraja, mhudumu anapaswa kupima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa kabla hajashika sindano. Ni kazi ya muda mfupi sana. Isipofanywa, ngozi hushonwa vizuri kwa juu, na misuli iliyokatika hubaki imekatika chini yake. Mama anaruhusiwa kwenda nyumbani na mshono msafi na jeraha ambalo hakuna aliyeligusa. Hapo ndipo maswali yetu huanzia.

Damu nayo ina kipimo. Baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, kuanzia mililita 500 huhesabiwa kuwa nyingi, ila kukadiria kwa macho hudanganya, maana shuka na pamba hunywa damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kukinga damu kwenye mfuko wenye vipimo na kuanza tiba zote kwa pamoja kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Kwa hiyo mtu akisema "hatukujua kama ni nyingi", tunauliza ilipimwaje.

Fistula ndiyo hutuumiza zaidi. Uchungu ukipingama, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, damu haifiki, nyama inakufa, na siku chache baadaye mkojo huanza kuvuja. Ushahidi wake upo kwenye chati ya uchungu. Sisi huweka rula kwenye mstari wa saa na kuifuata taratibu. Mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa saa mbili usiku, saa mbili na nusu, saa tatu, kisha karatasi ni nyeupe hadi saa kumi alfajiri, palipoandikwa "apelekwe upasuaji". Wakati mwingine alama za usiku mzima zina wino mmoja na mwandiko mmoja, zimejazwa kwa mkupuo. Saa saba zile nyeupe zinahitaji mtu wa kuzieleza.

Mahakamani, kwa kawaida tunapaswa kuthibitisha kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwako, kwamba alishuka chini ya kiwango cha taaluma yake, na kwamba kushuka huko ndiko kulikokuumiza. Hilo la mwisho ndilo gumu, na bila daktari bingwa wa uzazi asiye na uhusiano na hospitali hiyo, haliendi. Wengi pia hudhani kuwa kwa kusaini fomu ya ridhaa wamepoteza haki. Sivyo. Ridhaa huhusu hatari ulizoelezwa, haimpi mtu ruhusa ya kukuhudumia ovyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mama mwenye kisukari alipaswa kuambiwa kuwa mabega ya mtoto yangeweza kukwama, ili achague mwenyewe namna ya kujifungua.

Kabla ya kesi, tibiwa. Misuli na fistula hurekebishwa, na matibabu hayo hayakuondolei madai. Omba nakala ya faili lako lote kwa barua, ubaki na nakala ya barua hiyo. Andika unayoyakumbuka, nani aliingia, nani alisema nini, kabla hayajafifia. Na usikawie: kila nchi ina ukomo wake wa muda wa kufungua shauri, na kwa hospitali za umma mara nyingi notisi hutakiwa mapema zaidi. Baraza la madaktari linaweza kumwadhibu mhudumu, ila kwa kawaida fidia hudaiwa kwingine.

Tukisoma faili tukaona hakuna kesi, tutakwambia siku hiyo hiyo na kukueleza sababu. Njoo na ulichonacho, hata kama ni kadi ya kliniki peke yake. Ukihitaji kukaa karibu na choo, tuambie unapopiga simu, tutakuandalia chumba cha jirani nacho, na mwanasheria mwanamke ukimtaka.