Mizani zipime na bampa za nyuma za matela

Ndugu Mhariri,

Tukizungumzia viwango vya usalama wa magari hapa Tanzania, tunaishia kwenye magari madogo ya mtumba kutoka Japani: umri, mikanda, mifuko ya hewa. Ni sawa. Lakini katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, vyote hivyo haviokoi mtu gari lake likiingia chini ya tela lililosimama gizani.

Sakafu ya tela iko zaidi ya mita moja juu ya lami. Boneti, iliyoundwa ijikunje na kupunguza nguvu ya mgongano, hupita chini bila kugusa kitu. Kinachogonga kwanza ni nguzo za kioo cha mbele, usawa wa vichwa vya abiria.

Kinga yake ni bampa ya chini ya nyuma, yaani boriti ya kuzuia gari lisiingie chini ya tela. Kanuni namba 58 ya Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi imetaka ukingo wa chini wa bampa hiyo usizidi milimita 550 kutoka ardhini lori likiwa tupu, boriti iwe na kimo cha milimita 100 au zaidi, na kila upande isiwe fupi kwa zaidi ya milimita 100 kuliko ukingo wa nje wa matairi ya nyuma. Matoleo mapya yamekaza zaidi.

Kwetu, bampa nyingi ni bomba jembamba lililochomelewa kwenye bodi. Likigongwa linapinda na gari linapita. Boriti ishikwe na chasisi yenyewe, tena kwa bolti za daraja la nguvu la 8.8 au 10.9 zilizopita ubavuni mwa chasisi. Fundi asichomelee kingo za juu na chini za chasisi, kwa sababu joto hudhoofisha chuma na ufa huanzia hapohapo. Wenye tipa huikata bampa kwa kuwa inakwaruza machimboni, na shida yao ni ya kweli. Wawekewe yenye bawaba, inayokunjwa machimboni na kufungwa kwa pini kabla ya kurudi lami.

Halafu kuonekana. Gari la kilomita 80 kwa saa hukimbia mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja na nusu, mita 33 zimekwisha kabla hajakanyaga breki, na breki zinataka kama 35 nyingine kwenye lami kavu. Taa za chini mara nyingi hazimuliki umbali huo, na matawi tunayotandaza barabarani hayaakisi mwanga. Utepe wa kuakisi wa milimita 50, mwekundu au wa njano, uzungushwe nyuma yote hadi pembeni, na ufutwe tope.

Pa kukagulia papo tayari. Malori husimama Vigwaza na Mikese kupimwa uzito, kwa kuwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka ukomo wa tani 56. Hapohapo mkaguzi atumie futi kamba. Mzigo hushusha tela, kwa hiyo bampa inayozidi milimita 550 ikiwa na shehena, ikiwa tupu itazidi zaidi. Hakuna haja ya kubishana.

Matela mapya ya karakana zetu yasisajiliwe bila bampa hiyo kuanzia sasa. Yaliyo barabarani yapewe mwaka mmoja: boriti, mabano mawili na bolti zake ni kazi ya siku moja au mbili gereji.

Msomaji wako,
Morogoro