Shabani, usiusaini mkataba wa Rashidi

Kaka Shabani,

Salamu nyingi, na watoto wasalimie sana. Huku sote wazima, mguu wa mama unaendelea vizuri, na Rehema ameipata ile kazi aliyokuwa akiihangaikia. Hayo nitakusimulia siku nyingine. Leo nina jambo moja tu, na tangu Dulla anidokezee sijatulia.

Anasema promota ameleta mkataba mpya wa ngumi, pambano liko nchi nyingine, na mdogo wetu Rashidi bado yuko ndani ya muda aliofungiwa na daktari asipande ulingoni baada ya ile nokauti. Eti kule hawataulizia. Kaka, kama wao hawataulizia, basi wa kuulizia umebaki wewe, maana saini inayotakiwa kwenye ile karatasi ni yako.

Nilimpigia Rashidi kumjulia hali. Aliongea vizuri, akacheka, akanitania kama kawaida yake. Akaniuliza kama mama ameshatolewa nyuzi. Nikamjibu. Tukahamia mazungumzo mengine, akauliza tena. Tulipokuwa tunaagana akauliza mara ya tatu, kwa maneno yale yale, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza. Nikamwuliza kichwa vipi, akasema kinagonga kidogo, ni uchovu tu. Ukimwuliza wewe atakwambia yuko fiti, kwa sababu wewe ndiye unayempangia mapambano. Mabondia wote husema hivyo kwa makocha wao.

Unajua ninafanya kazi wodi gani. Mtu analetwa amepigwa kichwani, anaongea, anaomba maji, anataka kujua simu yake iko wapi. Ndugu zake wanaanza kutuomba tumruhusu aende nyumbani. Saa chache baadaye anatapika, anasinzia, na ukimmulika tochi unakuta mboni ya jicho moja imepanuka na haisinyai. Hapo tunakimbizana na dakika. Ngumi ya kidevuni huzungusha kichwa ghafla. Fuvu linageuka, ubongo unachelewa kulifuata, na mishipa myembamba ya damu iliyo kati ya ubongo na utando wake inachanika. Damu inavuja polepole, na kwa kuwa fuvu halitanuki, kinachobanwa ni ubongo. Glavu haizuii hilo. Inakinga zaidi mikono ya anayepiga. Hata zile kofia za mazoezini hupunguza michubuko na mipasuko, lakini mtikisiko wa ndani uko pale pale. Ndiyo maana nakuomba usinitulize kwa kusema kwamba Rashidi anafanya sparingi, yale mapambano ya mazoezi, amevaa kofia.

Na usinitulize pia kwa kusema aliinuka mwenyewe na kutembea mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Agosti 2025 pale Korakuen Hall, Tokyo, usiku mmoja, mabondia wawili wa Japani waliumia ubongo katika mapambano mawili tofauti. Hiromasa Urakawa alisimamishwa raundi ya nane. Lakini Shigetoshi Kotari alimaliza raundi zote 12 kwa miguu yake, pambano likaisha sare, ndipo akaanguka. Wote walivuja damu chini ya utando wa ubongo, wote walifanyiwa upasuaji, na wote walifariki ndani ya juma lile. Walikuwa na miaka 28 kila mmoja. Fikiria mama wa Kotari. Mwanawe hakupoteza hata pambano.

Siku zile tukitazama mapigano pamoja ulikuwa unalalamika kwamba raundi 15 zilikuwa na utamu wake na 12 ni za watoto. Ziliondolewa kwa sababu ya Duk Koo Kim. Novemba 1982, Las Vegas, alipigana na Ray Mancini mpaka raundi ya 14, akaangushwa, na siku chache baadaye akafariki. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, ilipunguza raundi za mapambano ya ubingwa muda mfupi tu baadaye, mengine yakafuata miaka ya mbele. Na vifo vya Tokyo vilifanya Wajapani wapunguze raundi za mkanda wa OPBF, shirikisho la ndondi la Mashariki na Pasifiki, kutoka 12 hadi 10. Hivyo ndivyo sheria za mchezo wetu zinavyopatikana, kaka, na mimi sitaki jina la Rashidi liwe sababu ya sheria nyingine yoyote.

Halafu kuna Michael Watson. Huyu namfikiria kila ninapoangalia mtungi wa oksijeni kazini. Septemba 1991, London, pambano na Chris Eubank lilisimamishwa raundi ya 12. Watson akazimikia ulingoni, na pale hapakuwa na mpango wa kumhudumia mtu aliyeumia ubongo. Huduma ya kumsaidia kupumua ilichelewa, na hospitali aliyopelekwa kwanza haikuwa ya upasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe. Alikaa kwenye koma siku 40. Baadaye alilishtaki bodi lenyewe la ndondi la Uingereza, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba lilikuwa na wajibu wa kuhakikisha matibabu ya haraka pale ulingoni. Mwaka 2003 alitembea London Marathon yote, ilimchukua siku sita. Nilipoona picha zake akivuka mstari nililia, halafu nikakasirika, kwa sababu kwa kazi yangu najua tofauti inayoletwa na dakika za mwanzo.

Sasa huko mnakokwenda, nani amekuonyesha daktari? Gari la wagonjwa litasimama nje muda wote, au ni lile moja ambalo likiondoka na wa pambano la kwanza wengine wanaendelea kupigana bila gari? Hospitali ya karibu inaweza kufungua fuvu usiku? Kama promota hana majibu ya maswali hayo kabla hata ya kutaja hela, huyo si mtu wa kumkabidhi mdogo wetu.

Nirudi kwenye kufungiwa, kwa sababu hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mamlaka nyingi humweka nje bondia aliyepigwa nokauti, mara nyingi siku 30, 60 au 90, kutegemea alivyoumia, na nyingine humtaka arudi na vipimo vya ubongo. Siku hizo si adhabu. Ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba vibaya hata kwa ngumi ndogo. Marekani ilibidi watunge sheria ya shirikisho mwaka 1996 ili bondia aliyefungiwa jimbo moja kwa sababu za kiafya asiende kupigana jimbo la jirani. Lakini duniani hakuna mamlaka moja inayomfuata bondia kila anakokwenda. WBC, WBA, IBF na WBO wana mikanda yao, kila nchi ina watu wake, na katikati pale ndipo mapromota wanapopenya. Hata Muhammad Ali, baada ya kile kipigo cha Larry Holmes mwaka 1980, pambano lake la mwisho lilikwenda kufanyika Bahamas. Alikuwa karibu anatimiza miaka 40 na ulimi umeshaanza kuwa mzito, kila mtu aliusikia. Wakubwa kwa wadogo, njia ni ile ile, ukibanwa hapa unavuka mpaka.

Na Dulla kaniambia kuhusu uzito, kwamba inabidi aupunguze kwa kukausha maji mwilini ili apite mizani. Kumkausha maji kijana ambaye kichwa bado kinamgonga... Sitaki hata kuendelea. Siku moja ya kunywa maji baada ya mizani haitoshi kumrudisha sawa.

Najua utaniambia kona yako iko makini, hutamwacha apigwe ovyo. Hilo sina shaka nalo hata kidogo. Lakini mkumbuke bondia Maxim Dadashev, Julai 2019. Kocha wake Buddy McGirt alipiga magoti mbele yake baada ya raundi ya 11, akambembeleza, Dadashev akatikisa kichwa kukataa, McGirt akasimamisha pambano bila ridhaa yake. Alifanya lile ambalo makocha wengi hawathubutu. Dadashev alianza kutapika kabla hajafika chumbani, na baada ya siku nne akafariki. Taulo, lile ambalo kocha hulitupa kusimamisha pambano, ni la lazima, ila kwa kichwa ambacho tayari kimeumia linaweza kuja limechelewa hata likitupwa na kocha bora. Kwa Rashidi pa kutupa taulo ni sasa, kabla ya mizani.

Sijasema aache ngumi. Kuna nchi zilipiga marufuku ndondi za kulipwa, Norway iliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 30 mpaka 2014, na madaktari wengi wangefurahi zipigwe marufuku kila mahali. Mimi naupenda mchezo huu, na namwonea fahari Rashidi kuliko ninavyomwambia. Lakini toka mwaka 1928, daktari Martland alipoandika kuhusu mabondia wanaopepesuka na kusema kwa shida, tunajua kwamba madhara mengine hujilimbikiza kimyakimya, ngumi ndogo juu ya ngumi ndogo, nyingi zikiwa za mazoezini. Akipumzishwa sasa bado ana miaka mingi ya kupigana. Kupunguza sparingi ya nguvu peke yake kutamsaidia sana.

Basi niambie ukweli. Alipigwa kipimo cha CT au MRI baada ya nokauti, au daktari alimmulika macho tu na kumruhusu? Majibu unayo wewe au anayo promota? Analala vipi? Umeona akikosea njia, akisahau kombinesheni za ngumi alizozizoea, akikasirika bila sababu? Mzee Saidi anajua kuhusu mkataba huu? Na wewe promota anakubana na nini, kuna deni ambalo hujaniambia? Kama ni deni tutalijadili, tuko wengi, halitashinda.

Nitumie majibu ya vipimo nimpe daktari wetu ayaangalie. Kama hakupimwa, mlete kwetu wiki hii, nitakuwa zamu ya mchana na nitampokea mwenyewe. Akianza kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida, msingoje asubuhi wala msinipigie kwanza, mpelekeni hospitali hapo hapo.

Nijibu kabla promota hajarudi.

Dada yako,
Zuhura